Nyumbani, kutwa au bweni: wajukuu zangu wamepita njia zote tatu

Januari 2025, matokeo ya PLE yalipotoka, nilipata habari mbili ndani ya saa moja. Kwanza alipiga simu mwanangu kutoka Mukono: kijana wake, aliyesoma bweni tangu darasa la nne, amepata agrigeti 5. Sijamaliza kumpongeza, binti yangu ninayekaa naye hapa Tororo akaja mbio kutoka uani, simu mkononi, hawezi hata kusema. Msichana wake, ambaye tumemsomesha nyumbani tangu mwaka 2020, amepata 7. Hesabu D1, na masomo matatu yaliyobaki D2 kila moja.

Kwa msomaji wa nje ya Uganda: PLE, mtihani wetu wa kumaliza shule ya msingi, una masomo manne, Hesabu, Kiingereza, Sayansi na Maarifa ya Jamii. Kila somo hupewa namba kuanzia 1 hadi 9 (D1 ni 1, D2 ni 2), kisha zinajumlishwa, na jumla hiyo ndiyo agrigeti. Bora kabisa ni 4. Kuanzia 4 hadi 12 mtoto yuko Daraja la Kwanza. Nilifundisha shule za msingi miaka 31 na nimesoma matokeo ya watoto wa watu mpaka nikazoea. Siku hiyo nilikaa kwenye kiti cha uani nikalia.

Tangu hapo wazazi wananisimamisha sokoni. "Bibi, na mimi nimtoe wangu shule?" Siwezi kulijibu swali hilo nikiwa nimesimama na kikapu mkononi, kwa hiyo nimeliandika hapa. Nimeziona njia tatu kwa karibu: nyumbani, shule ya kutwa ya serikali, na bweni la kulipia. Fahari yangu iko upande mmoja, sitaificha, lakini nitajitahidi isinifunge macho.

Ilivyoanza

Hatukukaa chini tukaamua. Shule zilifungwa nchi nzima tarehe 20 Machi 2020 kwa sababu ya korona, na zilifunguliwa kwa watoto wote tarehe 10 Januari 2022. Karibu miaka miwili. Msichana alikuwa darasa la tatu, mdogo wake wa kiume darasa la kwanza. Kituo cha kitaifa cha mitaala, NCDC, kilitoa masomo ya kujisomea, mengine yakachapishwa magazetini, na redio nazo zikafundisha. Binti yangu ni fundi cherehani, anafanyia kazi nyumbani. Mumewe ni wakala wa forodha pale Malaba, anaondoka alfajiri na kurudi usiku. Mimi nilikuwa nimestaafu. Tukaweka meza barazani, saa mbili asubuhi mpaka saa sita, kila siku isipokuwa Jumapili.

Shule zilipofunguliwa, msichana angepelekwa darasa la nne, na hapa mezani alikuwa ameshamaliza hesabu za darasa hilo. Tukambakiza nyumbani, aendelee na la tano. Mvulana tulimrudisha shule ya kutwa iliyo karibu, kwa kuwa alikuwa anaililia. Alikaa muhula mmoja. Nitaeleza kwa nini tulimtoa, maana hapo ndipo ulinganisho wenyewe unapoanza.

Kusoma

Darasa lake lilikuwa na watoto 94 na mwalimu mmoja. Simlaumu mwalimu yule hata kidogo. Tangu elimu ya msingi ya bure, UPE, ianze mwaka 1997, watoto waliingia shuleni kwa wingi ambao madawati na walimu hawakuufikia, na mimi mwenyewe nimesimama mbele ya darasa la namna hiyo nikiomba kengele ilie.

Ripoti ilisema kijana anaendelea vizuri. Jioni moja nikamwambia anisomee kitabu chake cha Kiingereza. Akasoma ukurasa mzima bila kukwama, sauti nzuri, vituo mahali pake. Kuna kitu kikanigusa moyoni. Nikaifunika picha kwa kiganja nikamwambia arudie. Akanyamaza. Nikasogeza kidole kwenye neno moja fupi katikati ya mstari: hakulijua. Alikuwa amekariri kitabu chote kwa kufuata picha, na katika watoto 94 nani angemgundua?

Tukamtoa. Nilianza naye upya kwa Kiswahili, ba be bi bo bu, kwa sababu lugha yetu inaandikwa kama inavyotamkwa na mtoto anaona matunda haraka. Wiki sita hatukugusa Kiingereza kabisa. Baadaye tukahamia maneno mafupi ya Kiingereza, kisha marefu. Ilichukua miezi saba. Najua ilikuwa saba kwa sababu ya dawa zangu za presha. Siku hiyo aliliokota boksi mezani, akaisoma karatasi iliyobandikwa juu yake, kwa Kiingereza, polepole, kisha akaniuliza: "Bibi, mbona hapa wanasema mara mbili kwa siku na wewe unameza asubuhi tu?" Sikuwa na la kumjibu. Tangu siku hiyo nameza na jioni.

Katika jambo hili, basi, nyumbani kunashinda shule ya kutwa iliyojaa, na kunashinda kwa mbali. Hakuna siri ndani yake: mtu mzima mmoja, mtoto mmoja, na muda wa kufunika picha. Bweni zuri la kulipia lenye watoto 40 darasani liko katikati. Mjukuu wangu wa Mukono hajawahi kuwa na shida ya kusoma, na walimu wake wanamjua kwa jina.

Mtihani

Hapa mezani petu palikuwa na pengo, na tuliliona tukiwa tumechelewa.

Karatasi ya Hesabu ya PLE ina maswali 32, mafupi 20 na marefu 12, kwa saa mbili na nusu. Msichana alipofanya mtihani wake wa kwanza wa majaribio pamoja na watoto wa shule, aliacha maswali tisa bila kuyagusa. Alirudi ameinamisha kichwa. "Bibi, nilikuwa bado nahakikisha la kumi na nne kwa njia ya pili." Kosa lilikuwa langu. Nilimzoesha asiondoke kwenye swali mpaka alithibitishe kwa njia mbili, na ni tabia nzuri sana kwa mtu anayepima karanga za kuuza, lakini saa ya mtihani haingoji. Binamu yake wa bweni wakati huo alikuwa ameshafanya majaribio hata idadi hakumbuki. Analitazama swali, anajua kama la kufanya sasa au la kurudia mwishoni. Ni ustadi kamili, na watoto wa nyumbani hawaupati kwa bahati. Tulinunua saa ya kengele, tukaiweka mezani kila Jumamosi pamoja na karatasi ya miaka iliyopita. Kwenye jaribio la tatu aliacha swali moja tu.

Pengo la pili ni la makaratasi. UNEB, baraza la mitihani la taifa, haimsajili mtoto kutoka sebuleni kwa mama yake. Anasajiliwa kupitia kituo cha mtihani chenye namba, maana yake shule, na usajili hufanywa miezi mingi kabla ya mtihani wenyewe. Mwalimu mkuu wa kwanza tuliyemwendea alikataa papo hapo: hamjui mtoto, akianguka atawaharibia jina. Iliniuma, ingawa nilimwelewa. Wa pili alikubali kwa sharti kwamba msichana afanye mitihani yote ya majaribio pale, avae sare, na muhula wa tatu ahudhurie darasani kama wenzake. Lilikuwa sharti la haki, na kumbe ndilo lililomwokoa, kwa sababu bila hilo yale maswali tisa angeyaacha Novemba, kwenye mtihani wenyewe.

Kwa mtihani peke yake, bweni linashinda. Agrigeti 5 dhidi ya 7 inasema hivyo, na mimi sitaipinda.

Mwili, usingizi, wenzake

Yule wa Mukono alikuja kwetu likizo ya Agosti mwaka huo wa mtihani. Usiku wa kwanza niliamka saa kumi kwenda msalani, nikamkuta ameketi ukingoni mwa kitanda gizani, amevaa, mikono juu ya magoti. Nikamuuliza anaumwa? Akasema hapana, anasubiri kengele. Huko kwao saa kumi na nusu alfajiri ni prepu, kipindi cha kujisomea. Nikamlaza, akalala mpaka saa nne asubuhi, na siku ya pili vivyo hivyo, na ya tatu.

Nimeeleza hivyo kwa sababu mzazi anayelipa bweni huona ripoti na siku ya kutembelea watoto, kuku na chipsi chini ya mwembe, na ile saa kumi alfajiri haioni. Lakini kijana huyo huyo anafua nguo zake, anapanga sanduku lake la bati bila kuambiwa, anajua kugawana sukari na mtu asiyempenda, na akiingia chumba kilichojaa wageni anasalimia wote kwa adabu. Msichana wetu alipofika ile shule ya kituo, wiki nzima alikula peke yake. Hakujua watoto wa rika lake wanataniana vipi. Mezani kwetu alizoea kuongea na watu wazima.

Tulijaribu kuliziba pengo hilo: kwaya ya kanisani, mpira wa netiboli jioni, kumtuma dukani na wenzake wa mtaani. Inasaidia, haitoshi. Anayechagua nyumbani aiweke kwenye ratiba kama anavyoweka Sayansi, tena tangu mwaka wa kwanza. Shule ya kutwa ndiyo inayoshinda hapa, kwa mawazo yangu: mtoto anakuwa na wenzake mchana na anarudi kwa mama yake jioni.

Pesa

Watu wanadhani nyumbani ni bure. Mwanangu alikuwa analipa karo ya shilingi 1,300,000 kwa muhula, mihula mitatu, na bado ile orodha: rimu ya karatasi, karatasi za chooni, ufagio, sukari, jerikeni. Sisi kwa mwaka mzima wa darasa la saba tulitumia chini ya karo ya muhula wake mmoja: vitabu, silabasi, karatasi za mitihani, kijana wa chuo aliyekuja kumfundisha Sayansi mara mbili kwa wiki, na ada za kituo.

Lakini kwenye hesabu hiyo sijatia asubuhi za binti yangu. Cherehani yake ilikaa kimya saa nne kila siku kwa miaka minne na zaidi. Wateja wa sare za shule, ambao ndio pesa yake ya Januari, wengi walikwenda kwa fundi mwingine. Na mimi sikulipwa. Mwalimu wa kiwango changu angelipwa. Familia isiyo na bibi aliyestaafu ijumlishe na hilo kabla ya kusema ni rahisi. Kutwa ya serikali bado ndiyo nafuu kuliko zote, hata ukiongeza mwalimu wa jioni siku mbili kwa wiki, na kwa familia nyingi ninazozijua mtaani hapa, kutwa pamoja na mtu wa kumsikiliza mtoto akisoma kila jioni ndiyo njia ninayoipendekeza bila kusita.

Sekondari

Hapa njia zinaachana, na wazazi wengi hawajui mpaka wafike. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulianza mwaka 2020, na mtihani wa kwanza wa UCE, ule wa kumaliza sekondari ya chini, kwa mtaala huo ulifanywa 2024. Asilimia 20 ya alama sasa hutokana na kazi anazofanya mwanafunzi shuleni, zikisimamiwa na kupewa alama na walimu wake, na asilimia 80 ni mtihani wa mwisho. Mtoto anayesomea nyumbani, kazi hizo atampelekea nani? Shule ya msingi unaweza kuomba kiti cha mwaka wa mwisho. Huku inabidi mtoto awe wa shule mapema zaidi.

Wapo wanaokwepa kwa kuchukua mtaala wa kigeni, hasa IGCSE ya Cambridge, ambao mtihani wake unaruhusu mtahiniwa wa binafsi. Ni njia halali na ni nzuri kwa mtoto anayejisukuma mwenyewe. Lakini kila somo linalipiwa peke yake, vitabu ni ghali, na mtoto akitaka kurudi kwenye mfumo wa hapa au chuo kikuu cha hapa, vyeti vyake lazima vipelekwe UNEB vilinganishwe na vya kwetu. Chuo kikuu kitataka angalau pasi tano za kiwango cha UCE au zinazolingana nazo, kabla hata ya kuangalia zile za juu. Yafahamu hayo mtoto akiwa na miaka 12, usingoje afike 17.

Sisi tulimwachia msichana aseme. Alichagua shule ya kutwa, na mwaka wa kwanza wa sekondari ameuanza kwa sare mpya aliyoshonewa na mama yake. Alama za kazi za miradi anazipata vizuri kuliko wenzake wengi, kwa sababu anayoulizwa huko ndiyo aliyozoea: pima, eleza, toa sababu, jaribu njia ya pili. Ile tabia iliyomkosesha maswali tisa imegeuka kuwa nguvu yake.

Kuna jambo moja linanisikitisha, nalo haliko upande wowote wa ulinganisho huu. Nyumba yetu inasema Kiswahili tangu marehemu mume wangu alipokuwa kwenye reli. Wajukuu wanakisoma na kukiandika vizuri. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili kwa katiba tangu 2005, na Julai 2022 baraza la mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Hata hivyo msichana alifanya PLE bila swali hata moja la Kiswahili. Miaka yote ya lugha hiyo mezani kwangu haimo kwenye ile 7.

Kwako wewe unayechagua

Usianze na mtaala, wala usianze na karo. Anza na saa tatu asubuhi ya Jumanne ya kawaida: ni mtu mzima gani atakuwa ameketi karibu na mtoto huyu, na je, atakuwepo Jumanne ijayo? Sheria ya Elimu ya 2008 inataka kila mtoto kuanzia miaka sita apate elimu ya msingi ya miaka saba. Ukimtoa shule, wajibu huo umeubeba wewe mabegani. Nimeona mtaani watoto "wanaosomea nyumbani" ambao kwa kweli wanachunga mbuzi. Kama jina la mtu huyo wa saa tatu halikuji upesi, mpeleke shule, na usione haya.

Kama jina lipo, nami nakwambia bila woga: kwa mtoto aliyeachwa nyuma kusoma, au aliyetangulia mbele mpaka darasa linamchosha, nyumbani kunafaa sana kati ya miaka sita na kumi na moja. Darasa la saba mtafutie kiti shuleni mapema. Bweni ningelibakizia sekondari, kwa mtoto aliyekwisha kujua kusema "nimechoka" na akasikilizwa. Mwanangu hakubaliani nami, na agrigeti yake ya 5 anayo mfukoni. Tunabishana kila Krismasi.

Mvulana wetu sasa yuko kwenye masomo ya darasa la tano. Ana miaka 11, na mtihani wake utakuwa 2027. Wiki iliyopita nilipanda bodaboda mpaka kwa yule mwalimu mkuu aliyempokea dada yake. Aliniuliza swali moja tu: kijana anaweza kukaa na saa? Nikamwambia kengele ile bado iko mezani, na kila Jumamosi inalia. Akafungua daftari, akaandika jina lake.